Rasi ya Rhapta na Milima ya Mwezi

Mhadhara kwa wananchi, Kanyenye, Tabora



Mada niliyopewa ni rasi. Kuzungumzia rasi hapa Kanyenye kunataka ujasiri kidogo. Tuko juu ya uwanda ulioinuka mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na zama za misafara mpagazi aliyetoka hapa na pembe begani alitembea miezi mitatu hivi ndipo akaona maji ya chumvi. Hata hivyo rasi ninayoikusudia inatuhusu. Wagiriki wa kale waliiandika karibu na mwisho wa dunia waliyoifahamu upande wa kusini, na nyuma yake, barani, wakaweka maziwa mawili na milima yenye theluji. Yapata miaka 1,700 baadaye Wazungu waliosoma vitabu hivyo walipanda bara kuyatafuta maziwa na milima hiyo, na swali lao likafikishwa kwa wafanyabiashara wa Kazeh, yaani hapa hapa mjini kwetu.

Tuanzie baharini. Katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri, msemaji wa Kigiriki, aliandika mwongozo wa safari. Jina lake limepotea. Kitabu kimebaki, nacho huitwa Periplus ya Bahari ya Erithrea. Mtu huyu hakuwa mshairi wala mwanafalsafa. Aliandika yale ambayo nahodha na tajiri wake wanayahitaji: bandari ipi ina nanga nzuri, wenyeji wake wananunua nini, wanauza nini, na kutoka hapa hadi pale ni mwendo wa siku ngapi. Anatoka Bahari ya Shamu, anapita rasi ya Aromata, ambayo leo ni Ras Asir ya Somalia, anashuka hadi Opone, kisha magenge, kisha fukwe ndefu, kisha visiwa ambavyo wataalamu wengi wanaviona kuwa ni vya Lamu. Baada ya hapo kuna kisiwa alichokiita Menouthias, na mwisho kabisa Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania. Mbele ya Rhapta, anasema, bahari haijachunguzwa.

Opone tunaweza kuionesha kwa kidole. Ni Ras Hafun, ncha ya mashariki kabisa ya bara la Afrika. Zamani ilikuwa kisiwa. Mchanga uliosukumwa na mawimbi ukajijenga pole pole mpaka ukakiunganisha na bara, na hadi leo Hafun imeshikwa na ulimi huo mwembamba wa mchanga. Mwaka 1975 mwanaakiolojia Neville Chittick alifukua huko vigae vya vyombo vilivyotoka nchi za Mediterania na Ghuba, yaani ushahidi kwamba mwandishi wa Periplus hakutunga. Mahali penyewe ni pa chini, pa mchanga, pamekaa wazi mbele ya bahari kuu: tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipovuka Bahari ya Hindi, Hafun ndipo palipoumia kuliko kwingine kote Somalia.

Kisiwa cha Menouthias kina mabishano yake. Wapo wanaosema ni Pemba, wapo wanaosema Unguja, na Mafia nayo ina mawakili wake. Mwandishi anasema kiko stadia 300 hivi kutoka bara, kama kilomita 50 na kitu, ni cha chini, kina miti, na watu wake wanatega samaki kwa vikapu mbele ya milango ya maji. Mtu wa Pemba akisikia hivyo atasema: hayo si madema? Anasema pia kwamba hakina wanyama wakali isipokuwa mamba, na mamba hao hawamdhuru mtu. Baadhi ya wataalamu wamehisi kwamba aliowaona ni kenge, nami nakubaliana nao. Mamba asiyemdhuru mtu hata Mto Ugalla hatujamsikia.

Rhapta yenyewe ilipewa jina kutokana na vyombo vyake vya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Vyombo vya namna hiyo, mitepe, viliendelea kusafiri pwani yetu hadi karne ya 20. Bidhaa za kutoka zilikuwa pembe za ndovu kwa wingi, vipusa na magamba ya kasa. Zilizoingia zilikuwa mikuki iliyofuliwa Muza, kwenye pwani ya Yemeni, mashoka, visu, shazia na vitu vya kioo. Lakini kuna sentensi moja ambayo ningependa mtu wa Tabora aishike kuliko zote. Inasema kwamba matajiri wa Muza waliipeleka Rhapta merikebu zenye manahodha na mawakili Waarabu, waliozoeana na wenyeji, wakaoa kwao, na kuijua nchi na lugha yake. Karne kumi na nane baadaye Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alikaa hapa Unyanyembe, naye alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Biashara ya pembe ilikuwa na desturi zake, na desturi hizo zilidumu kuliko falme.

Sasa rasi. Kwa nini kitabu cha bahari kinajaa rasi? Kwa sababu nahodha asiye na dira hawezi kuhesabu maji matupu. Anahesabu anachokiona: ncha ya nchi inayojitokeza, genge jeupe, mahali pwani inapogeuka. Rasi humwambia kwamba nusu ya safari imekwisha, na huko nyuma yake kuna maji yaliyotulia. Pwani yetu rasi nyingi zimejengwa kwa jiwe la matumbawe, yaani miamba ya baharini iliyobaki juu baada ya bahari kushuka. Miaka 125,000 hivi iliyopita maji yalikuwa juu zaidi ya leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yaliyoota wakati huo ndiyo leo tunayoyakata kujengea nyumba Mafia na Unguja. Rasi kama hizo hazihami upesi.

Rasi ya Rhapta, ninavyoona mimi, haikuwa ya namna hiyo, au haikusimama peke yake. Ptolemy, mwanajiografia wa Aleksandria aliyeandika karibu mwaka 150, anauweka mji wa Rhapta kando ya mto, nyuma kidogo ya bahari, katika nyuzi 7 hivi kusini ya ikweta, na rasi yake zaidi kidogo ya nyuzi 8. Ukichukua ramani ya leo, nyuzi hizo zinakuangusha kati ya Dar es Salaam na delta ya Rufiji. Hesabu yake ilitokana na siku za kusafiri, kwa hiyo tusiitegemee kama hati ya kiwanja, lakini nayo haiko mbali na ushahidi wa ardhini. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza mwaka 1999 kwamba shanga za Kirumi zimepatikana Mkukutu, upande wa Rufiji. Wengine wamependekeza Pangani, wengine Msasani. Mimi niko na wanaosema Rufiji.

Na kama ni Rufiji, tumeingia matatani. Delta ile ina mikoko ya zaidi ya hekta 50,000 na vinywa vingi vya mto, vingi kiasi kwamba manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humo kuanzia mwaka 1914 hadi 1915 huku Waingereza wakihangaika kuitafuta. Mto unaleta udongo kila masika. Unajenga ncha hapa, unaila ncha pale. Katika karne ya 20 yenyewe sehemu kubwa ya maji ilihamia vinywa vya kaskazini. Mtu anayeitafuta leo rasi ya mwaka 150 katika mahali kama hapo huenda anatafuta nchi ambayo mto umeshaichukua. Ndiyo maana siwasikilizi sana wanaosema wameiona Rhapta kwa sababu wameona ncha ya nchi inayofanana na maelezo.

Nimekaa sana baharini, tupande bara.

Ptolemy alikuwa amesoma kazi ya mtangulizi wake, Marinus wa Tiro, na Marinus alikusanya habari za wasafiri watatu. Mmoja, Theophilos, alitoka Rhapta na upepo wa kusi akafika Aromata kwa siku 20. Mwingine, Dioskoros, alisema habari za rasi ya Prason iliyo kusini zaidi. Wa tatu ndiye aliyezaa hadithi. Huyu ni Diogenes, aliyekuwa akirudi kutoka India. Alipokaribia Aromata upepo wa kaskazini ulimsukuma kusini, pwani ikiwa mkono wake wa kuume, na baada ya siku 25 akafika kwenye maziwa unakotoka Mto Naili. Kusini kidogo ya hapo, habari inasema, ndipo ilipo rasi ya Rhapta.

Tazameni vizuri jinsi habari hii ilivyofungwa. Maziwa hayakupimwa kwa lolote lililo barani. Yalipimwa kwa rasi. Rasi ni kigingi, na hadithi ni mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu: kigingi kiko mahali pake, mbuzi anaweza kuwa popote. Vizazi vya wasomaji vilidhani kwamba Diogenes alishuka chomboni akatembea. Hakuna linaloonesha hivyo. Kutoka pwani hadi ziwa lolote kubwa ni miezi ya kutembea, na siku zake 25 zote zimekwisha baharini. Alilolipata ni habari aliyoisikia bandarini: ukienda bara kutoka hapa, kuna maji makubwa.

Ptolemy mwenyewe alilitambua hilo. Katika kitabu cha kwanza cha Jiografia yake anasema aliwauliza wafanyabiashara waliovuka kutoka Arabuni kwenda Aromata, Azania na Rhapta, nao wakamwambia kwamba maziwa ya Naili hayako kando ya bahari bali mbali sana ndani. Msomi mkubwa wa zama zake alirekebishwa na watu wa pembe na magamba, na alikuwa mwungwana wa kukiri hivyo. Hakuandika majina yao.

Kisha, mahali pengine katika Jiografia hiyo hiyo, unakuta milima inayoitwa ya Mwezi, ambayo theluji yake inamiminika katika maziwa ya Naili. Imewekwa nyuzi 12 na nusu kusini ya ikweta. Wapo wataalamu wanaoshuku kwamba sentensi hiyo ilitiwa baadaye na mikono mingine. Iwe ni yake au si yake, ilisafiri kuliko zote. Waarabu waliitafsiri wakaita Jabal al-Qamar, ikaingia katika kazi ya al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9 na katika ramani ya al-Idrisi mwaka 1154. Mwanzoni mwa karne ya 15 Ptolemy akafasiriwa kwa Kilatini mjini Florence, na kuanzia hapo kila mchora ramani wa Ulaya aliyekosa cha kuweka katikati ya Afrika alichora safu ya milima na maziwa mawili chini yake.

Katika miaka ya 1840 na 1850 wasomi wa Uingereza waligundua kwamba wafanyabiashara wa Zanzibar wanaitaja nchi iitwayo Unyamwezi. Mwezi! Mnaweza kukisia furaha yao. Zikaandikwa makala, zikajibiwa kwa makala. Wakati huo huo wamisionari wa Rabai na Tanga walikuwa wakiwahoji watu wa misafara. Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na wakubwa wa jiografia huko London wakamwambia kwamba hakuona alichokiona. Jakob Erhardt alizikusanya habari za maziwa kutoka bandari mbalimbali, na kwa kuwa kila bandari ilisema kuna ziwa, akachora ziwa moja kubwa mno lililojaza katikati ya ramani. Watoa habari walisema kweli. Kosa lilitokea kalamuni.

Ndipo wanafika Richard Burton na John Hanning Speke. Waliondoka Kaole mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba. Njiani walilipa hongo Ugogo, na huko walipita katika nchi nyingine inayoitwa Kanyenye, kwa Mtemi Magomba. Wasomaji wa vitabu vya misafara wasichanganye Kanyenye ile na hii yetu. Mwenyeji wao hapa alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman. Burton anasema mtu huyu alianza maisha kwa kutengeneza vitu vitamu Muscat, akaishia kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa. Tusilifiche hilo la pili. Mali iliyowakaribisha wageni ilitokana pia na watu waliouzwa.

Snay alikuwa amefika mbali kaskazini na magharibi, na alikuwa msomaji. Wageni walipomwuliza habari ya ziwa moja kubwa, akawaambia kwamba si moja. Ni matatu: Nyasa kusini, Tanganyika magharibi, na Ukerewe, yaani Viktoria ya leo, kaskazini. Kwa mazungumzo ya barazani, hapa Tabora, ramani iliyokuwa ikibishaniwa Ulaya ikapata sura inayokaribiana na ile tunayoifundisha shuleni leo. Wageni waliendelea hadi Ujiji, wakarudi Kazeh mwezi Juni 1858. Burton akiwa mgonjwa na amezama katika kuandika, Speke aliondoka tarehe 9 Julai kuelekea kaskazini kwa njia ile aliyoambiwa na Snay, akiwa na kirangozi, wapagazi 20, walinzi Wabaluchi na Sidi Mubarak Bombay. Tarehe 3 Agosti alisimama kilimani karibu na Mwanza akaliona ziwa. Ni siku 25, idadi ile ile ya Diogenes. Ni sadfa tu, lakini sikuweza kujizuia kuitaja.

Tarehe 25 Agosti alirudi Kazeh akamwambia Burton kwamba amekiona chanzo cha Naili, na urafiki wao ukaanza kufa siku hiyo. Na milima je? Hapa Speke, aliyekuwa sahihi kuhusu ziwa, alishindwa kujizuia. Katika ramani yake alichora milima iliyojikunja kaskazini ya Tanganyika akaiita Milima ya Mwezi. Burton aliikebehi. Ndivyo nguvu ya kitabu cha kale inavyofanya kazi: mtu ametembea kwa miguu yake mwenyewe, ameona kwa macho yake, bado anatafuta nafasi ya kuweka alichokisoma.

Wengine walifuata. Stanley, aliyekuwa ameishi Kwihara mwaka 1871, aliiona Ruwenzori mwezi Mei 1888 na kusema ndiyo milima ya Ptolemy. Mwaka 1892 Oscar Baumann wa Austria alisema hapana, ameikuta Burundi. Dai la Ruwenzori ndilo lililoshika. Kilele chake kina mita 5,109, kina theluji, na maji yake hupitia Semliki hadi Ziwa Albert na Naili. Lakini kiko karibu nyuzi 13 kaskazini ya pale Ptolemy alipoiweka milima, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,400. Hesabu ya rasi ilikaribia. Hesabu ya milima ilipotea kabisa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mhadhara wangu. Rasi waliiona wenyewe, milima waliisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu.

Na Unyamwezi? Nendeni nje mtazame. Kuna miombo, kuna majabali ya itale, mlima wa theluji hakuna. Maji yetu hayana undugu wowote na Naili: mvua inayonyesha Tabora huingia Igombe au Ugalla, ikaenda Malagarasi, ikaingia Tanganyika, na kutoka huko kupitia Lukuga na Kongo ikamwagika Bahari ya Atlantiki. Ni bomba tu lililobadili mambo. Tangu mwanzoni mwa miaka hii ya 2020 maji ya Ziwa Viktoria, yaliyovutwa Ihelele wilayani Misungwi, yanafika Nzega, Igunga na hapa mjini. Kwa mara ya kwanza mkazi wa Kanyenye anakunywa maji ya Naili, na hakuna mlima uliohusika.

Snay bin Amir hakuishi kuona ubishi huo ukiisha. Aliuawa mwaka 1861 katika vita vya Waarabu na Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe. Tunamfahamu kwa sababu Burton na Speke walimwandika. Virangozi na wapagazi Wanyamwezi walioijua njia kuliko yeye hawakuandikwa, isipokuwa wachache, kama vile wale waliomwambia Ptolemy ukweli hawakuandikwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa familia za Kanyenye, Kwihara na vitongoji vyote vya zamani. Zimo nyumba zenye barua za babu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, daftari za frasila na madeni, hati za tembe na mashamba ya miembe. Msizichome na msiziuze kwa mpita njia. Zipigeni picha, andikeni nyuma yake jina la mwenye nazo na la aliyezirithi, na nakala moja ipelekwe Nyaraka za Taifa. Asili yake ibaki kwenu. Na wanafunzi mliokuja na madaftari, wapo wazee waliosimuliwa safari za pwani na watu waliozitembea kwa miguu. Nendeni mkawaulize wiki hii, na mkiandika, anzeni na majina yao.